Boti ya Marehemu Inauzwa

Sehemu ya Tisa: Kilichokuwa Chini ya Turubai

Veneranda alipiga ukelele mmoja tu. Turubai alilolifunua lilikuwa bado mkononi mwake.

Mbele yake, kwenye vumbi la karakana ya Liberatus, kililala kitu cheusi chenye umbo la pezi la samaki. Kirefu kama mlango, kizito kuliko ng'ombe watano. Upande mmoja kilikuwa kimeshakatwa vipande, kama sabuni ya mche.

"Mama Anjela," akasema taratibu. "Kitu hiki kimefikaje hapa?"

Tekla akatazama pembeni. Na Tekla, ndugu zangu, si mtu wa kutazama pembeni.

Kama Jumamosi iliyopita gazeti lilikupita, sogea nikumegee upesi. Tekla, Mama Anjela, ndiye dalali wa Ipogolo. Nyumba, mashamba, magari, hata mahari ikikwama anaikwamua. Mgahawa wake uko kando ya barabara kuu na hakuna dereva wa lori asiyeujua mchuzi wake. Yeye ndiye aliyeiuza boti ya matanga ya marehemu Mzee Nilsi, yule mzungu aliyezunguka bahari za dunia akaja kufia kwa mkewe Veneranda, hapa hapa Iringa. Miaka minne boti ilikaa juu ya magogo, kuku wakitaga chini yake.

Mnunuzi ni Sekela, mama wa vitenge wa Mwanjelwa, mwenye nyumba ya wageni Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Tadeo, mume wa Tekla, ndiye aliyeibeba kwa Fuso lake mpaka huko. Na leo mchana boti inabarikiwa ziwani. Kwaya ya Uyole itaimba juu yake. Katika sauti ya kwanza ya kwaya hiyo yumo mwalimu Anjela, mtoto wa pekee wa Tekla.

Siku boti inapakiwa, Veneranda alikuwa ndani. Kwa ukoo wake mjane havuki uzio mpaka ndugu wamwogeshe na kumvua kitambaa cheusi. Alisikia kelele za minyororo kupitia dirisha, basi. Wamemwogesha jana. Leo ndiyo safari yake ya kwanza kutoka, na kwa Liberatus alifuata bawaba ya geti tu.

"Tuliifungua, dada," Tekla akasema. "Si kwamba tumeiba. Ilikuwa inazuia. Boti haikukaa kwenye Fuso, ilisimama kama mnara wa simu. Ingekata nyaya za umeme kuanzia hapa mpaka Makambako! Halafu mzani wa barabarani. Tadeo angepitaje mzani na lidude lote hili? Nikamwambia Liberatus fungua nati, weka pembeni."

"Nati nane tu," Liberatus akadakia, akijifuta mikono kwenye ovaroli. "Zilikuwa ndani, chini ya mbao za sakafu. Matundu nimeziba kwa mbao na gundi, nikajaza maji ndoo kumi, haivuji tone. Kazi safi, mama. Halafu si chuma hiki. Ni risasi, kama ile ya kwenye betri. Watu wa Mtera wananunua, wanatengenezea chubwi za nyavu."

"Na hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza kwa nini mtu aweke risasi tani mbili na nusu chini ya chombo cha majini?"

Tekla akacheka. Kicheko kile kile kilichouza viwanja vyenye mgogoro.

"Tulijiuliza, dada! Tukasema wazungu nao. Si uzito ndio unaozamisha? Sasa itaelea zaidi."

Usimcheke, msomaji. Ipogolo inaishi kwa mzani. Mtoto wa pale anajua kabla hajajua kusoma kwamba uzito ni faini, uzito ni breki kushika moto mlima Kitonga, uzito ni jeneza. Anayepunguza uzito ndiye mwenye akili. Hivyo ndivyo walivyofikiri, mke, mume na fundi, na kila mmoja alilala usingizi.

Veneranda aliokota chupa tupu ya maji, akachomeka ufito mdomoni mwa chupa, akaiweka wima kwenye pipa la maji ambalo Liberatus hupozea vyuma.

Chupa ikalala papo hapo. Ufito ukazama kwanza.

Akaitoa. Akaokota makombo ya risasi pale chini, akayatumbukiza ndani ya chupa, akaichomeka tena ufito. Safari hii chupa ikasimama. Akaisukuma kwa kidole. Ikainama, ikarudi. Akaisukuma kwa nguvu. Ikainama sana, ikarudi.

"Marehemu aliuita mkuku," akasema. "Mlingoti uko juu, mrefu kama ghorofa tatu. Huu uko chini, unauvuta urudi. Mkiufungua, boti itaelea, ndiyo. Itafungwa kwenye nguzo na itasimama, mtapiga na picha. Lakini siku wakiinua tanga upepo ukashika, italala. Na ikilala hainuki."

Liberatus aliitazama chupa. Kisha akalitazama pezi, na mahali alipolikata.

"Saa ngapi?" Tekla akauliza.

"Saa sita na nusu."

"Baraka ni saa saba."

Kabla neno halijaisha Tekla alikuwa ameshavua kandambili, anakimbia.

*

Simu ilikuwa mgahawani, kwenye chaji nyuma ya kaunta. Na mgahawa, kama kawaida ya Jumamosi, ulikuwa umefurika.

"Mama Anjela leo anakimbizwa na nani?" akapaza sauti Obeid, dereva wa tangi la mafuta, mdomo umejaa ugali. "Au umesikia mzee Tadeo kapata mke mdogo huko Kyela?"

"Kyela kuna warembo na mchele," mwingine akaongeza. "Hapo mtu harudi."

Nyumba nzima ikacheka. Siku nyingine Tekla angewajibu hadi wakome. Leo alichomoa simu, akabonyeza jina la mwanawe.

Iliita. Iliita. Iliita ikakatika.

Akapiga kwa Tadeo. Haipatikani.

Akasimama na simu kifuani, akaitazama ile nyumba iliyojaa. Madereva kumi na wengine. Akisema ukweli hapa, kabla jua halijazama utakuwa Mafinga, na kesho utakuwa Tunduma unavuka mpaka. Tekla kauza boti iliyong'olewa chini. Tekla kala kwa mjane. Nani atampa tena hata banda la kuku auze?

Kwani lazima waambiwe sababu? Kinachotakiwa si wasipande tu? Waahirishe leo, kesho atatafuta lugha. Hivyo ndivyo alivyojidanganya, na tafadhali ukumbuke uongo huo, maana ndio ulioua.

Akapiga kwa Sekela. Haikuita mara mbili.

"Mama Anjela! Ndaga fijo, mama, asante sana! Boti yangu inaelea, we! Nyepesi kama unyoya! Ule mstari mwekundu wa ubavuni wote uko juu ya maji. Wavuvi wa hapa wanashangaa, wanasema hawajaona chombo kikubwa kinachokaa juu hivi!"

Tekla akashika kaunta.

"Hongera, mama. Hongera sana. Ila... subiri kidogo. Msipande kwanza."

"Kwa nini?"

"Kuna karatasi ya mirathi. Saini ya mjane haijakaa sawa. Ni kitu kidogo tu. Nipe mpaka Jumatatu."

Upande wa pili zilisikika sauti za watu wakijaribu wimbo, na maji.

"Ni nani?" Sekela akauliza.

"Nani nini?"

"Aliyepanda dau. Ni yule Mmalawi mwenye hoteli?"

"Hakuna mtu, mama, nakuapia..."

"Usiniapie." Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya sokoni. "Mimi nimeanza Mwanjelwa nikiuza chini kwenye kiroba, soko la zamani halijaungua. Madalali nawajua kama vidole vyangu. Dalali akisema subiri, amepata mwenye fedha zaidi. Nimepoteza viwanja viwili kwa neno hilo hilo, subiri. Mara ya tatu hunipati, mama. Chombo ni cha aliyekikalia."

"Mama Sekela, nisikilize..."

"Kwaya!" Sekela alikuwa ameshageuza mdomo. "Pandeni! Pandeni sasa hivi, mchungaji atatukuta humo humo. Wewe nahodha, fungua kamba, twende mpaka kule mbele watu wote waone ni ya nani!"

Simu ikakatika.

Tekla akabaki ameiangalia. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini. Sasa hakuna hata moja, na amezila mwenyewe kwa mdomo wake.

Veneranda alikuwa amefika mlangoni, anahema.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia wasubiri."

"Umewaambia kwa nini?"

Tekla akainamia simu.

"Mama Anjela. Umewaambia kwa nini?"

Vijiko vikaanza kutulia, kimoja kimoja. Watu wa Ipogolo wanajua kunusa.

Akampigia tena Sekela. Haikupokelewa. Akampigia Anjela. Haikupokelewa. Akapiga tena kwa Sekela, na simu ikaanza kutetemeka mkononi mwake. Tadeo.

"Mke wangu! Ungekuwepo ungelia kwa furaha," Tadeo akasema, akipigana na upepo. "Niliishiwa chaji. Hapa watu ni kama sikukuu."

"Uko wapi? Umepanda?"

"Nipande? Mimi mtu wa Kilolo, maji yangu ni ya ndoo! Niko ufukweni. Wamepanda kwaya, watu kumi na wawili, na mama Sekela, na nahodha wake."

"Anjela?"

"Yupo mbele kabisa, kashika ile kamba ya mlingoti. Joho la kijani limempendeza mtoto..."

"Mwite ashuke!"

"Atashukaje? Wameshaondoka. Wako mbali, kama kutoka kwetu mpaka kituo cha mafuta. Tekla, kuna nini?"

Akainua macho. Obeid alikuwa ameacha ugali ukimpoa mkononi. Meza zote zilikuwa zimemgeukia. Nyumba iliyojaa, kitu alichokipenda kuliko vyote duniani, ilikuwa inamngoja aseme.

"Lile pezi," akasema. Kisha akapaza sauti, maana upepo wa kule ulikuwa unameza maneno. "Lile pezi tulilofungua, Tadeo! Ndilo linaloishika boti isilale. Wakiinua tanga inapinduka. Veneranda amekuja, ameliona, amenionyesha. Inapinduka, baba Anjela!"



"Si tulisema itaelea zaidi?" Tadeo akauliza, kwa sauti ndogo.

"Tulisema."

"Tekla, wanainua tanga."

"Waambie waache!"

"Mama Sekela anataka picha. Wanavuta. Limefika katikati."

"Piga kelele! Tadeo, piga kelele!"

Akapiga. Ipogolo nzima ilimsikia kupitia simu ile, maana spika yake ilikuwa wazi. Aliwaita kwa majina aliyoyajua, akaita mwanangu, akaita haina pezi, shukeni, teremsheni, acheni. Sauti ilimkauka, akaendelea na iliyokauka.

"Wananisikia," akasema hatimaye. Alikuwa analia. "Wamegeuka. Tekla, wananipungia mikono."

Kisha wimbo ukafika. Mwembamba, kutoka mbali, juu ya maji. Sauti ya kwanza ilianza peke yake, wengine wakaipokea. Kila aliyekaa kwenye mgahawa ule aliujua. Ni wimbo wa shukrani, wa mavuno. Dereva mmoja alivua kofia bila kujua.

Ulikatika katikati ya ubeti.

Haukufifia. Ulikatika, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Tadeo?"

Upepo.

"Baba Anjela!"

"Imelala," Tadeo akasema. "Imelala ubavu, tanga liko majini. Sasa inageuka. Tumbo liko juu, jeupe, halina kitu."

"Anjela! Unamwona Anjela?"

"Naona vichwa. Vitatu. Vinne. Majoho yanaelea. Mitumbwi inakwenda, wavuvi wanakwenda. Mimi... Tekla, naona joho moja liko peke yake, mbali na wenzake. Liko karibu na huku. Hakuna mtumbwi unaokwenda kule."

Akasikia buti zikivuliwa. Moja. Ya pili.

"Tadeo, hujui kuogelea. Tadeo! Hujui kuogelea!"

Simu ikatua mchangani. Miguu ikakimbia. Maji yakapigwa, yakapigwa, yakatulia.

*

Robo saa nzima laini ilibaki wazi, na hakuna aliyeikata.

Tekla alikaa sakafuni, mgongo kwenye kaunta, simu imebanwa sikioni mpaka sikio likaingia alama. Veneranda alikaa chini karibu yake. Hakumgusa, wala hakuondoka.

Kutoka uani kwa Liberatus ilianza kusikika kazi. Kishindo cha shoka, kizito, kisicho na mlio, maana risasi hailii ikikatwa. Kishindo, kishindo, kishindo.

"Analikata," Veneranda akasema. "Analimaliza lote."

Kikakoma. Baada ya muda Liberatus akaingia mlangoni, ovaroli imelowa jasho, akainama kwa Tekla kama anayetoa pole msibani.

"Dada, nisikilize kabla watu wa serikali hawajaanza kupiga simu," akanong'ona, lakini ukimya ule ulibeba kila neno. "Hakuna pezi. Halijawahi kuwepo. Boti ilikuja na mzungu hivyo hivyo, tukaipakia hivyo hivyo. Mwenye boti amekufa, nani atamuuliza? Natia tanuri sasa hivi. Jioni ni chubwi."

"Mimi je?" Veneranda akauliza. "Mimi nimekufa?"

"Mama, wewe ulikuwa ndani. Mila yenu ndiyo ilikuweka ndani. Hukuona lilipofunguliwa."

"Na hawa?" Tekla akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoa sauti.

Liberatus akageuka kuitazama nyumba. Watu waliokula kwa Tekla kwa miaka. Waliolala kwenye mabenchi yake mvua zilipokata barabara. Waliozikiwa wazazi wao kwa mchango wake.

Dereva wa kwanza akainamisha macho kwenye sahani. Wa pili akafuata. Yule aliyevua kofia akaivaa.

"Mimi nilikuwa nakula," Obeid akasema, bila kumwangalia mtu. "Kwa kweli sikusikia kitu. Nilimsikia mama analilia mwanawe, basi."

"Hata mimi," akasema mwingine.

"Hata mimi."

Kauli ilizunguka meza zote hivyo, kama kikapu cha sadaka. Veneranda akayafunga macho.

Na hapo simu ikakwaruza. Mtu alikuwa ameiokota kule mchangani.

"Haloo?" Mwanamke. Kijana, pua imeziba kwa kulia. "Simu ya nani hii?"

Tekla akaruka kwa magoti. "Ya mume wangu! Mimi ni Tekla wa Ipogolo, mama yake Anjela! Mwanangu yuko wapi? Mume wangu yuko wapi?"

Nyuma ya sauti ile watu walikuwa wakiita majina, jina moja moja, na mengine yakiitwa mara nyingi kuliko mengine.

"Mama yake Anjela," yule dada akarudia. "Mimi naitwa Happy. Ni mwenzake wa kwaya. Sikupanda. Nilibaki kuwashikia viatu visilowe. Nilikuwa na jozi kumi na mbili, mama. Nilizipanga kwenye mchanga."

"Anjela, mwanangu. Niambie Anjela."

"Mama Sekela ametolewa, yuko hai. Anasema ulimpigia. Anasema ulimwambia ni karatasi." Sauti ikatetemeka, kisha ikakazana. "Na mumeo alikuwa anapiga kelele habari ya pezi kabla hajaingia majini. Watu wa hapa wamenizunguka, wote wanakusikia. Wanataka kujua jambo moja tu. Ilikuwa karatasi, au boti mmeiuza mnajua ina kasoro?"

Liberatus akatikisa kichwa, polepole. Hakuna pezi.

Madereva hawakuinua macho. Mgahawa uliojaa ulikuwa umemfungulia mlango wa kutokea, na mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, karatasi, angetoka.

"Nijibu wewe kwanza, mama," Happy akasema. "Ukishanijibu, nitakwambia viatu vya Anjela nimemkabidhi nani, mwenyewe au mwingine."